Wanawake Sita, Kikwembe Kimoja

Kila mnaponiuliza nilianzaje kazi ya kamera, nawapa jibu tofauti, na nimeona baadhi yenu mmeanza kuyalinganisha majibu. Basi leo nasema la kweli. Nilianza kwa sababu goti la mwanamume mmoja lilivimba.

Televisheni yetu ilikuwa na vyumba vitatu mjini Goma, na mimi niliajiriwa kutabasamu. Mnacheka, lakini ilikuwa kazi, na ilichosha mashavu. Nilisoma matangazo ya harusi na ya misiba, nikapaka wageni poda, nikachemsha chai. Mkubwa wetu, ambaye sote tulimwita Direktere, aliamini kwamba kwenye televisheni mwanamke anafanya kazi kwa uso na mwanamume kwa akili. Alilisema kwa upole kabisa, kama anayekusifu, na mimi mjinga nilikuwa namjibu asante.

Mwenye kamera alikuwa Papa Déo. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba amefanya vizuri. Saa za mapumziko aliniacha niishike kamera yake, nadhani kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyemletea chai kabla hajaomba. Siku ya kwanza nilimpiga picha mbuzi wa jirani kwa robo saa nzima, nikitoa sauti za kuridhika. Kumbe sikuondoa kifuniko cha lenzi. Papa Déo aliniangalia mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mbuzi ametoka vizuri.

Kwake nilijifunza mambo ambayo nyinyi watoto wa simu hamtayahitaji, lakini nitawaambia tu. Vilima vya Masisi asubuhi vina baridi, na betri hufa kabla watu hawajamaliza kusalimiana, kwa hiyo iweke kwapani kama kipimajoto. Ukungu ukishika lenzi, usifute kwa kidole, ngoja. Na kuna kile alichokiita kaseti ya heshima. Mkubwa akitaka kuhojiwa saa nzima na wewe una kaseti moja tu, unawasha taa nyekundu, unatikisa kichwa, unamwacha aseme. Ndani hakuna kitu kinachozunguka. Anaondoka ameridhika, na wewe kaseti yako ni nzima.

Sasa lile goti. Ilikuwa miaka ya vita, na watu wengi walikuwa wamekimbia vijiji vyao na kujikusanya Kalembe, kule Masisi inapokutana na Walikale. Direktere alitaka picha za wakimbizi. Papa Déo alikuwa hawezi kupanda hata ngazi. Akaniita, akanivika mkanda wa kamera shingoni.

"Mutoto yangu, utaenda weye. Direktere nitamuambia ukisha kurudi."

Nilienda na dereva wetu Kasereka, mtu wa Butembo aliyesali rozari kwenye kila kona na kuongeza mwendo palepale. Njiani palikuwa na bariere, vile vizuizi vya barabarani, na wanaume wenye bunduki walipenda sana kamera za watu. Niliifunga mgongoni kwa kitenge, kile ambacho sisi tunakiita kikwembe, nikaifunika juu kama mtoto aliyelala. Hakuna aliyeniangalia mara mbili. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alipita kama upepo. Ila mama mmoja aliyeuza ndizi pale bariere akanifokea mbele ya wote.

"Mama, unamufunika sana! Mutoto atakosa pumuzi!"

"Iko na homa, mama."

Palepale kamera ikalia ile sauti yake ndogo ya betri inayokwisha. Yule mama akainama, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Kifua yake haiko muzuri. Umupe majani ya mupera."

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sijapata tena msaidizi mwaminifu kama mgongo wangu.

Kalembe tulipokewa na mwenyekiti wa kamati ya wakimbizi, ambaye kila mtu alimwita Papa Prezida. Alikuwa amevaa koti kubwa la sufu na tai juu ya shati lisilokuwa na vifungo. Nikauliza wanawake wanachota maji wapi. Papa Prezida akajibu.

"Maji iko karibu tu."

Nyuma yake wanawake wenye ndoo wakaguna. Nikauliza wanaojifungua wanajifungulia wapi. Akajibu yeye. Nikauliza maharagwe yanachukua muda gani kuiva kwa kuni mbichi, na hilo pia akalijibu, akakosea kwa saa mbili, na wanawake wakacheka wazi. Kila nilipogeuza kamera kwa mama, koti lile liliingia katikati ya picha.

Basi nikamkumbuka mwalimu wangu. Nikamsimamisha Papa Prezida vizuri, kilima nyuma yake, nikawasha taa nyekundu, nikampa kaseti ya heshima. Alisema kwa nusu saa na kitu. Alimaliza, akanishika mkono, akaenda kuwaambia watu wake kwamba ametoka kwenye televisheni. Nadhani mpaka leo anangoja kujiona, na mimi mpaka leo sijatubu.

Ndipo wanawake wakanijia. Walikuwa sita. Aliyewaongoza aliitwa Mama Bahati, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, mkulima wa vilima vya ndani huko Masisi. Walitaka kusema majina yao mbele ya kamera, na majina ya watu wao waliopotezana nao wakati wa kukimbia. Walijua kwamba kaseti zetu za habari zilinakiliwa na kusafiri kwenye malori ya wafanyabiashara, mpaka Walikale, mpaka Hombo, na huko watu walizitazama dukani kabla ya filamu kuanza. Mtu wa Hombo akikuona, anajua uko hai. Hilo tu ndilo walilolitaka. Mama Bahati alikuwa na binti, Solange, msichana mkubwa. Walikimbia njia mbili, na fununu ya mwisho ilisema binti ameonekana upande wa Hombo.

"Muko tayari?" nikauliza.

"Bado," akasema Mama Bahati. "Hatuwezi kuonekana mu dunia na hizi matambara."

Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na kikwembe kimoja tu, cha manjano chenye kuku wekundu na vifaranga, kilichokunjwa kwa adabu kama kitambaa cha altare. Ndicho kitu pekee alichokiokoa alipokimbia. Karibu na pindo, upande wa nyonga, palikuwa na alama ya kuungua, umbo la pasi kabisa.

"Ni Solange njo aliiunguza," akasema. "Nilimufokea siku muzima. Akija sasa aunguze yote, sitasema kitu."

Wakaingia nyuma ya turubai mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza akatoka amevaa kuku, akasema jina lake na mtu anayemtafuta, akarudi, akavua, wa pili akavaa. Nilimwambia Mama Bahati atangulie kwa kuwa kikwembe ni chake. Akanishangaa.

"Na wengine wataniona je? Wavae kwanza. Miye nitakuwa wa mwisho."

Niliwafundisha jambo moja, na Mama Bahati alilishika kuliko wote: sema jina lako kwanza. Mengine baadaye. Sikuandika kitu, kwa sababu nilikuwa na kichwa cha kijana na nilidhani kichwa cha kijana ni daftari.

Nilirudi nimejaa fahari. Direktere alitazama picha zangu, akakunja uso.

"Huyu ni muntu moja ao sita? Juu ya nini wote wamevaa nguo moja? Hii iko chama gani?"

Nikamweleza. Akapumua kwa uchungu wa mtu aliyeajiri wajinga. Wanawake hawa wanasema polepole, akasema, kila mmoja na mtoto wake, na shangazi yake. Toa sauti zao. Mtangazaji wetu, mwanamume mwenye koo zuri, atasoma kwamba wakimbizi wa Kalembe wanaomba msaada. Chini ya picha tuandike "mama mukimbizi", inatosha. Gavana, mkuu wa polisi, hata mwamuzi wa mpira, hao waliandikwa jina na cheo. Kwa wanawake tulikuwa na neno moja la kuwatosha wote, kama kile kikwembe.

Siku hiyo ndiyo ya kwanza nilipombishia. Nikasema niliwaahidi majina. Papa Déo, akiwa amekaa na goti lake juu ya kiti, akasema bila kuinua macho kwamba majina hayali umeme. Direktere akanipa muda wa kumaliza chai yake, na alikuwa mnywaji wa haraka. Nikaandika majina sita chini ya nyuso sita zisizokuwa na sauti. Mwishoni, kama kawaida, yakapita maneno ambayo hayakubadilishwa tangu mashine iliponunuliwa: Kamera, Papa Déo. Sikuyagusa. Nilikuwa na furaha ya majina sita, wala sikuona kwamba la saba linakosekana.

Wiki chache baadaye, asubuhi, msichana aliyevaa viatu visivyolingana akaingia ofisini. Alikuwa amekuja na lori mpaka Bukavu, kisha akavuka ziwa kwa boti.

"Papa Déo wa kamera iko wapi?"

Nikamwonyesha mlango. Ndiyo, mimi mwenyewe. Nilinyoosha kidole, nikaendelea kupanga vikombe. Baada ya muda mfupi Papa Déo akatoka akichechemea, amemshika msichana bega.

"Siku ile goti iliniuma, mutoto. Mwenye alishika kamera njo huyu wa vikombe."

Ilikuwa Solange. Alikaa kwenye kiti cha poda, akanieleza huku akiangalia mikono yake. Kule Hombo aliuza mafuta ya mawese karibu na duka la mfanyabiashara wa Beni aliyekuwa na televisheni na jenereta. Kaseti yetu ilipowekwa, aliona kikwembe. Akaiona ile alama ya pasi. Wanawake sita waliivaa nguo ya mama yake, na picha zilipita mbio. Kisha likaja jina la mama yake, na juu ya jina ulikuwa uso wa mwanamke mwingine. Hapo akafunika macho, hakumwona aliyefuata.

"Dada, watu wakigawana nguo ya muntu, si yule muntu amekufa? Na jina yake pia wamemupa mwingine. Nilikuja kuuliza tu. Walimuzika wapi?"

Nitawaambia nilichokiona, kwa sababu hamtanielewa nikificha. Niliona yote kwa mara moja. Mama Bahati na mwenzake Mama Zawadi walikuwa warefu wote wawili, kikwembe kilekile, na mimi, mbele ya kikombe cha Direktere kinachokwisha, niliwabadilishia majina. Na mtangazaji mwenye koo zuri alikuwa amefunika sauti ambayo binti huyu angeitambua hata akiwa amelala.

"Mama yako iko muzima," nikasema.

"Unajua je?"

Nilijua, lakini neno langu lilikuwa na thamani gani kwake? Mimi ndiye niliyeandika lile jina. Alihitaji kumwona, na kumsikia. Nikakimbilia kwenye rafu.

Hapa lazima niwaeleze rafu zetu. Kaseti zilikuwa adimu, kwa hiyo tulizitumia tena na tena. Rafu ya juu ilikuwa ya wakubwa, hotuba na ziara, na kaseti zake hazikufutwa kamwe. Rafu ya chini tuliiita maisha ya jamii: wanawake, soko, kwaya, watoto. Ikihitajika kaseti, ilitolewa chini. Na msidhani ni Direktere aliyekuwa akiinama kuchagua. Nilikuwa mimi. Ni mikono yangu hii iliyotoa wanawake wenzangu mmoja mmoja wafutwe, na nilikuwa naimba.

Kaseti ya Kalembe, ile niliyorudi nayo kabla sauti hazijatolewa, haikuwepo. Papa Déo akakuna kichwa.

"Ile ya chini, ya mwisho? Jumapili wamechukulia mupira."

Solange alisikia. Hakulia. Alisimama tu, akaanza kutafuta mlango kwa macho, na mimi nikamshika mkono nikamwomba akae, nikaitafuta kaseti ya mpira, nikaiweka kwenye mashine. Wachezaji. Vumbi. Wachezaji tena. Mahali pale alipokuwa mama wa kwanza palikuwa na kona, pa mama wa pili palikuwa na ugomvi na mwamuzi. Nikapeleka mbele. Wa tatu, wa nne, mpira. Kisha kipenga, watu wakaingia uwanjani, picha ikatikisika, na chini yake akatokea Mama Zawadi, nusu, akimalizia neno. Akaondoka. Kwenye kioo likabaki turubai tupu linalopeperuka, kwa sababu sikuizima kamera wakati wakivalishana.

Kisha akatoka Mama Bahati, amevaa kuku wake. Wa mwisho, kwa kuwa aliwatanguliza wenzake wote.

"Jina yangu Bahati. Niko Kalembe, niko muzima. Natafuta mutoto yangu Solange. Solange, ile maneno ya pasi nilishaisahau. Kuja."

Solange alicheka kwanza. Alicheka kwa nguvu, mkono mdomoni, kisha akapiga magoti mbele ya kioo na kukigusa, na hapo ndipo alipolia. Papa Déo akaniambia nipeleke nyuma tuanze tena. Tuliiangalia mara nyingi, mpaka Direktere akaja kuuliza kuna nini, akaangalia na yeye, akabaki amesimama mlangoni na kikombe chake kikiwa kimejaa.

Hakusema amekosea. Alisema Kasereka ana safari ya Kalembe Alhamisi na kuna nafasi ya watu wawili. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa hotuba.

Sitawaeleza mama na binti walivyokutana, maana nilizima kamera. Hilo nalo ni ufundi, jifunzeni. Nitawaeleza yaliyofuata. Niliwakusanya wale wanawake wengine watano, nikawaambia ukweli: sauti zenu tulizitoa, majina mawili niliyachanganya, na kisha mpira uliwafuta. Mama Zawadi akawa wa kwanza kujibu.

"Walituwekea mupira juu? Ni nani aliuweka?"

"Kaseti niliitoa mimi."

"Basi walishinda?"

"Walipigwa, mama."

"Ni muzuri," akasema, na wote wakaangua kicheko, nami nikapata kupumua.

Tukaanza upya. Safari hii nilikuwa na daftari. Jina, uso, kijiji, anayetafutwa, vyote kabla ya kuwasha taa. Kikwembe kilizunguka tena, mmoja mmoja, nyuma ya turubai. Papa Déo alikuwa amekuja nasi kwa tako moja garini, na goti lake lililofungwa bendeji, akisema anakuja kuangalia betri tu. Nilipomaliza wa mwisho nikaanza kukunja nyaya. Mama Bahati akanishika kiwiko.

"Bado moja."

Kabla sijaelewa, Solange alikuwa ananifunga kikwembe kiunoni, alama ya pasi upande wa nyonga. Nikasema mimi sijapotea. Nikasema kaseti inakwisha. Mama Bahati alikuwa ameshanisimamisha mbele ya turubai, na alikuwa na mkono wa mtu aliyezoea jembe.

"Mutoto yangu amefika Goma, ameuliza mwanaume mwenye hakutuona hata siku moja. Juu ya nini? Weye ulitufundisha nini hapa? Jina kwanza."

Papa Déo alikuwa nyuma ya kamera. Taa nyekundu iliwaka. Nilimtazama nijue kama ni kaseti ya heshima, na yule mzee mkali akafungua kidogo mlango wa kaseti, akanionyesha kwamba iko ndani, akafunga.

Mimi niliyesoma majina ya maharusi wa mji mzima, sikujua niiweke wapi mikono. Nikaificha alama ya pasi, kisha nikaiachia.

"Jina yangu Sifa," nikasema. "Natoka Masisi. Natafuta muntu mwenye alipiga picha ya hawa wamama mara ya kwanza. Jina yake haikuonekana."

Wanawake walipiga vigelegele hadi watoto wakaja mbio. Kaseti ile ilikwenda Walikale na Hombo ikiwa na sauti zake zote na wanawake saba waliovaa kuku. Majina yote saba niliyaandika mimi, polepole, na Direktere alinywa vikombe viwili akinisubiri.